Likizo Yako na Mbwa Uliyemfunga Mwembeni

Desemba iliyopita tulipanda meli kwenda Nansio, Ukerewe. Siku sita, tukala sato mpaka watoto wakaanza kuomba maharage. Nyumbani Buhongwa, Mwanza, nilikuwa nimemwachia kijana wa jirani ufunguo wa geti, kiroba cha pumba na neno moja tu: "Uwaangalie." Nikaona nimemaliza kazi.

Tuliporudi, Simba, mbwa wetu, hakubweka. Alikuwa chini ya mwembe. Mnyororo alikuwa ameuzungusha kwenye shina mara tatu nne, ukabaki urefu wa mkono, na sufuria la maji limelala ubavu, hatua mbili kutoka puani mwake. Shingoni manyoya yalikuwa yametoka, kidonda kibichi kina nzi. Kijana wa watu alileta ugali na dagaa kila jioni kama tulivyopatana, ila alikuwa anamrushia kwa mbali kwa sababu anamwogopa. Kuhusu maji hakuambiwa na mtu. Mimi ndiye niliyepaswa kumwambia. Kuku watatu nao walishakufa, wamekunja shingo, na nilijua ni ugonjwa wa kideri kwa sababu chanjo nilikuwa naahirisha tangu Septemba.

Kwa hiyo Pasaka ya mwaka huu, siku nne za mapumziko, hatukwenda likizo. Nilizitumia kujiandaa kwa safari ambayo bado iko miezi mitatu mbele, na nakushauri ufanye hivyohivyo kama una kiumbe kinachokutegemea pale uani.

Ijumaa Kuu jioni, baada ya kanisa, tuliwachanja kuku. Ukitaka kuwakamata kuku wa kienyeji bila vurugu, subiri giza liingie wakiwa wamelala kwenye fito. Mmoja anashika tochi, mwingine anamshusha kuku taratibu, wa tatu anadondosha tone moja jichoni na kusubiri apepese. Ukimwachia kabla hajapepesa, dawa inamwagika. Kuku kumi na saba walichukua nusu saa. Chanjo hii inarudiwa kila baada ya miezi mitatu, basi andika tarehe ukutani kwa mkaa, kwa sababu kwenye simu utaifuta.

Jumamosi ilikuwa ya Simba. Ukiweza kujenga uzio, jenga, mbwa atembee huru. Sisi uzio wetu una matundu na barabara iko karibu, hivyo nilinyoosha waya mnene kutoka mwembeni hadi nguzo ya banda, nikatia pete, mnyororo ukaning'inia kwenye pete ukawa unateleza. Siri iko kwenye fundo: funga kizuizi kwenye waya mita mbili na ushee kabla ya mti, zaidi ya urefu wa mnyororo wenyewe, ili asilifikie shina akajizungusha tena. Sufuria nimelitupa. Sasa anakunywa kwenye beseni zito la saruji ambalo hata akilikanyaga halipinduki. Chanjo ya kichaa cha mbwa anapata kila mwaka, na hiyo ni kwa faida ya watoto wa mtaa mzima. (Ukiumwa na mbwa usiyemjua, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Pilipili na mafuta ya taa waachie waliovibuni.)

Siku hiyohiyo nilikwenda sokoni kununua majogoo wawili wa sikukuu. Bodaboda akawachukua miguu, akataka kuwaning'iniza kwenye usukani, vichwa chini. Nikamwonyesha tenga langu.

"Mama, hawa si wa kuchinjwa kesho? Unawabembeleza nini?"

"Kesho, baba. Leo bado."

Akacheka, lakini tenga akalifunga vizuri. Sijaacha kula nyama wala sina mpango huo. Ila kuku akining'inizwa kichwa chini, viungo vya tumboni vinamlemea na kupumua kunakuwa shida, na kutoka Igoma hadi kwangu ni mwendo. Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Mimi niliisikia baada ya kosa langu la Desemba.

Jumatatu ya Pasaka tukafanya kitu ambacho familia nzima ilinicheka: jaribio. Tulifunga nyumba tukaenda kulala kwa dada yangu Nyegezi usiku mmoja, kijana abaki kana kwamba tumesafiri. Wiki mbili kabla nilikuwa nimemwomba awe anakuja kumlisha Simba nikiwepo, mpaka mbwa akaanza kumtikisia mkia. Jaribio lilifichua mambo mawili. Mlango wa banda hauwezi kufungwa na mtu asiyejua kuunyanyua kwanza, na kumbe bomba letu linakauka mchana. Nimerekebisha bawaba, nimeweka pipa.

Julai tunakwenda Rubondo, kisiwa cha hifadhi ndani ya Ziwa Victoria. Tutavuka daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, tupite Sengerema na Geita, kisha boti. Nataka watoto wasikie habari za sokwe wa kule: kati ya 1966 na 1969 waliletwa kutoka bustani za wanyama za Ulaya wakaachiwa msituni, na vizazi vyao bado vipo, wanajitafutia wenyewe. Kama mfuko hauruhusu, kisiwa cha Saanane ni dakika chache kwa boti kutoka Capri Point, na pimbi utawaona bila kulipia ziada.

Kijana ameomba vocha ya kunitumia picha kila jioni. Nimekubali, kwa sharti kwamba apige picha ya beseni.