Hati iliyopatikana baada ya kukata rufaa ya EB-5

Ndugu, umeuliza kama hati ya mauzo ya kiwanja cha baba, iliyopatikana ukiwa umeshakata rufaa Marekani kwa kukataliwa ombi lako la EB-5 (viza ya wawekezaji), bado inaweza kuongezwa. Inaweza, ila muda ni mfupi: ukishawasilisha fomu ya rufaa, I-290B, una siku 30 za kupeleka hoja na vielelezo, na vinakwenda moja kwa moja AAO (ofisi inayosikiliza rufaa za uhamiaji), si kwa ofisi iliyokukatalia.

Kwanza isome upya barua ambayo ofisi iliyokukatalia ilikuandikia kabla ya uamuzi. Kama waliiomba hati hiyohiyo nawe hukuipeleka, AAO wanaweza kuikataa kwa kufuata kesi ya Soriano ya 1988. Hapo eleza kwa maandishi kwa nini haikupatikana mapema, na uambatishe barua ya msajili wa hati ukiipata.

Angalia sana tarehe. Hati ya zamani inaonyesha fedha zilitoka wapi kabla hujaomba, na hiyo ina nguvu. Mkataba wa uwekezaji uliorekebishwa mwezi jana hautakuokoa. Kesi ya Izummi ya 1998 ilishafunga mlango huo wa kurekebisha mambo ya msingi baada ya kuomba.

Tafsiri ya Kiingereza iwe na tamko lililosainiwa na mfasiri kwamba ni kamili na sahihi. Tafadhali usiipeleke bila karatasi hiyo.