Fildi kwenye taasisi ya uhuru wa habari: kazi ni simu na daftari

Kila Julai ikikaribia, wanafunzi wa uandishi wa habari na wa sheria huniuliza wafanyeje wapate fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, Baraza la Habari Tanzania (MCT), MISA Tanzania, au ofisi ya Article 19 kule Nairobi. Wengi wanadhani wanakwenda kupaza sauti. Mimi nilifanya fildi kwenye taasisi ya aina hiyo Dar es Salaam, siku hizi nawasimamia wanaokuja, na kazi yenyewe naijua: kupiga simu, kuuliza, kuandika, kuhakiki. Asiyependa simu atateseka.

Tuseme mwandishi wa mkoani kanyang'anywa kamera kwenye mkutano wa hadhara. Habari inazunguka WhatsApp tangu asubuhi na watu wanadai taasisi itoe tamko. Wewe unapewa namba yake. Unaanza hivi: "Shikamoo kaka, uko mahali unapoweza kuongea?" Huenda bado yuko kituoni, na aliyemchukulia kamera amesimama pembeni. Akiwa huru, nenda naye taratibu. Saa ngapi? Wapi hasa? Aliyechukua alivaa sare au nguo za kiraia? Nani alishuhudia? Kamera ni ya ofisi au ya kwake? Amefungua RB, yaani namba ya taarifa iliyoandikishwa polisi? Kama amepigwa, amepata PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali? Kisha mpigie mhariri wake, halafu polisi. Ndiyo, polisi pia. Tamko likitoka na kosa moja, watakaolipia ni waandishi watakaoonewa baada ya huyo, maana hakuna atakayewaamini.

Waandishi wengi wa mikoani hawana mkataba. Wanalipwa kwa habari iliyotoka. Kwa hiyo utasikia sana, "Andika, ila usinitaje." Wengine hupiga tena jioni wakiomba yote yafutwe. Usimbishie. Wewe utarudi chuoni, yeye wiki ijayo atakuwa kwenye ziara ya mkuu wa wilaya yuleyule. Mweleze msimamizi wako, kisha fuateni alichotaka mwenye tukio. Kwangu hili ndilo gumu kuliko sheria zote.

Sheria nazo zisome kabla ya kuripoti: Ibara ya 18 ya Katiba, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 hasa kifungu cha 16 kinachohusu kuchapisha taarifa za uongo, na Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997. Hii ya mwisho wanafunzi wa habari hawaifikirii kabisa, wakati ndiyo inayowapa wakuu wa mikoa na wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Ukipata muda, tafuta hukumu ya Mahakama ya Afrika Mashariki ya Machi 2019, kesi iliyofunguliwa na MCT, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC) na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu Tanzania (THRDC). Majaji waliona vifungu kadhaa vya sheria ile ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Ni ndefu, lakini utaona neno moja lisilo na mipaka ndani ya kifungu linavyoweza kubishaniwa kurasa nzima.

Barua ya maombi isijae "mimi ni mtetezi wa haki". Ambatanisha barua ya chuo na kazi moja uliyoifuatilia mwenyewe, yenye pande zote mbili. Tuma mapema, nafasi huwa chache, na karibu na Mei 3, Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari Duniani, hakuna mwenye muda wa kusoma barua pepe yako.

Posho? Uliza kabla hujapanga chumba. Taasisi hizi huendeshwa kwa fedha za wafadhili. Mradi ukiisha, hata nauli inaweza isiwepo. Kuuliza si utovu wa adabu.

Jambo jingine ni logibuku, daftari la kumbukumbu za fildi. Chuo kinataka uijaze kila siku, msimamizi aisaini, na mwisho inapita mikononi mwa watu wengi usiowajua. Andika "nimehakiki tukio moja la mwandishi kuzuiwa kufanya kazi", basi. Jina, wilaya na chombo chake vibaki kwenye faili la ofisi. Mhadhiri akilalamika kwamba maelezo ni mafupi, mwambie azungumze na msimamizi wako.