Chubwi za Bahari Hazifai Chemchemi

Juzi usiku nilipata ujumbe wa kijana mmoja anayeishi Houston. Cheti chake cha kuzamia alikichukulia Diani alipokwenda nyumbani mwaka jana, na sasa yeye na rafiki yake wanajiandaa kwenda chemchemi za Florida. "Kaka, wewe ushapita huko. Niambie, nisije nikaaibika."

Neno hilo la kuaibika lilinikaa, kwa sababu mimi niliaibika kweli, na ni karibu miaka miwili nimelifungia kifuani. Leo nalitoa. Jumamosi iliyopita nilirudi palepale, na mtu yuleyule, na safari hii nimetoka kifua mbele.

Mimi ni mtoto wa Nungwi. Babu yangu alikuwa fundi wa majahazi, na kuogelea nilikujua kabla ya kusoma. Nilianza kwa kubebea watalii mitungi ya hewa, mwalimu mmoja akaona hamu yangu, akanifundisha mpaka nikapata cheti. Kwenye kisiwa cha Mnemba nimezama mara nisizoweza kuzihesabu. Nilipohamia Atlanta, kilichoniuma kuliko hata kukosa urojo ni kukosa ile saa ya kushuka chini ukabaki na sauti ya pumzi yako tu. Wewe unayesoma hapa unaijua hamu hiyo, ndiyo maana sina haja ya kuieleza zaidi.

Swahiba wangu ni mtu wa Nakuru. Kuzama kajifunzia hukuhuku Georgia, kwenye ziwa ambalo ukinyoosha mkono huvioni vidole vyako. Bahari hajaiingia hata siku moja. Nami nilikuwa na tabia, kila tukikaa na wenzetu, ya kumwambia kwamba yeye bado hajazama, anachovya tu. Nilimwambia hivyo mbele za watu zaidi ya mara moja. Lishike hilo, tutalirudia.

Tulichagua Troy Spring, hifadhi ya jimbo iliyo karibu na mji mdogo wa Branford, kando ya mto Suwannee. Florida ya kaskazini imekaa juu ya mawe ya chokaa yenye matundu mengi, kama Unguja ilivyokaa juu ya matumbawe. Mvua inapenya, inajaa chini ya miamba, kisha inatafuta pa kutokea. Sisi tuna pango la Mangapwani na maji yake matamu chini ya jiwe; wao wana chemchemi zaidi ya 1,000 katika jimbo moja. Troy imo katika daraja la kwanza, yaani zile zinazotoa kuanzia futi za ujazo 100 kwa sekunde, ambazo ni karibu lita 2,800. Shimo lake lina kina cha mita 21 hivi. Joto la maji ni nyuzi 22, kiangazi na kipupwe, halibadiliki.

Unashuka ngazi kati ya miti, mara unakutana na rangi. Siwezi kuiita buluu wala kijani. Nilisimama pale na mapezi mkononi kama mtu aliyeitwa jina lake.

Sasa tukio lenyewe. Nyumbani nilikuwa nafunga kiunoni chubwi za kilo 6, yaani vile vizito vya kumshusha mzamiaji, na suti ya kuzamia ya unene wa milimita 3. Kwa ajili ya Troy nilinunua suti ya milimita 5. Nikajisemea: suti nene inaelea zaidi, basi niongeze uzito. Nikafunga kilo 10. Swahiba aliuangalia mshipi wangu, akauinua kwa mkono mmoja, akauweka chini.

"Ndugu yangu, hizi ni nyingi. Haya si maji ya chumvi."

"Yakhe, mimi nimezaliwa majini," nikamjibu. Alinyamaza. Alikuwa mzoefu wa maneno yangu ya miaka mingi, na nadhani aliona hakuna faida kubishana.

Niliruka, nikaenda kama nanga. Sikushuka, nilianguka. Masikio yaliniuma kwa sababu sikupata nafasi ya kuyafungua hewa. Nikajaza fulana ya hewa, ikanirusha juu. Nikaitoa hewa, nikaporomoka tena. Mshipi ulinivuta kiuno chini, miguu ikaning'inia, na kila nilipopiga mapezi msukumo wake uligonga sakafu. Pale chini pana tope jepesi na utando wa kijani unaokaa juu ya mawe, laini kama vumbi la unga. Kwa mapigo manne au matano, maji yaliyokuwa kama kioo yaligeuka uji.

Swahiba alikuwa mkono wangu wa kulia. Sikumwona tena.

Kanuni kila mmoja wetu anaijua: ukimpoteza mwenzako, mtafute kwa dakika moja, usipomwona panda juu polepole, mkutane usoni mwa maji. Nilikuwa naijua vizuri, nimewaambia watalii kwa lugha tatu. Lakini nilikataa kupanda. Niliona nikipanda nitakuwa nimekiri. Nikazunguka ndani ya lile tope nikipiga mapezi kwa nguvu zaidi, na maji yakaingia kwenye miwani. Hapo ndipo hofu ilinishika, kwa sababu hayakuniwasha macho. Maisha yangu yote maji yakiingia kwenye miwani huwasha, na mdomoni huwa na chumvi. Haya hayakuwa na ladha wala ukali, na mwili wangu ukaniambia uko mahali usipopajua. Nilipoitazama geji ya hewa ya mtungi, ilikuwa imetoka bar 190 hadi 90. Dakika 14 tu.

Nilipoibuka, swahiba alikuwa juu ananisubiri, midomo imekauka. Yeye alifuata kanuni, alipanda baada ya dakika moja. "Nilidhani nimekupoteza," aliniambia. Nami, Mungu anisamehe, nikamgeuzia kibao, nikamwambia yeye ndiye aliyeniacha.

Hatukuzama tena siku ile. Njia nzima ya kurudi, karibu saa tano za barabara, hapakuwa na mazungumzo.

Wiki chache baadaye, kwenye Idi, tumekusanyika watu wengi, nikamsikia anasimulia: mtoto wa bahari kashindwa na kisima. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Sitasema haikuniuma. Iliniuma, na mpaka leo nikisikia neno kisima kuna kitu kinanichoma. Miezi mitano hatukupigiana simu. Kisha nikafiwa na mama, na mtu wa kwanza kugonga mlango wangu alikuwa yeye, na sufuria ya chai mkononi. Hakusema neno juu ya yaliyopita, nami sikuwa na kinywa cha kusema.

Baada ya msiba ndipo nilipokaa chini nikapiga hesabu ambayo ningeipiga mwanzo. Kijana wa Houston, hapa ndipo pako. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa karibu kilo 1.025, ya maji matamu ni kilo 1. Wewe na suti yako na mtungi wako mkichukua nafasi ya lita 100 majini, bahari inakubeba kilo 2.5 zaidi kuliko chemchemi. Ukiiacha bahari, punguza kiasi hicho. Wazo langu la suti halikuwa la kijinga: kwa mwili kama wangu, kutoka milimita 3 kwenda 5 huongeza mwelekeo wa kuelea kwa kilo 2 hivi. Lakini maji matamu yanazichukua kilo hizohizo kwa upande wa pili. Nilitakiwa kubaki na kilo 6. Nilifunga 10. Kilo 4 za kiburi.

Punguza chubwi. Kisha usiamini hesabu peke yake, jaribu ukiwa juu: toa hewa yote kwenye fulana, vuta pumzi ya kawaida uishike, tulia. Maji yakikufika usawa wa macho, na ukipumua nje ukaanza kuzama taratibu, uko sawa. Mtungi ukiwa umejaa zama kidogo zaidi ya hapo, kwa sababu mtungi wa aluminiamu wa kawaida umebeba hewa ya zaidi ya kilo 2, na unavyoipumua ndivyo unavyokuwa mwepesi. Ukiwa na saa ya kuzamia, ibadilishe iwe ya maji matamu. Na nasema tena, punguza chubwi.

Uliza pia hali ya mto kabla hujatia mafuta kwenye gari. Suwannee maji yake ni meusi kama chai ya rangi, na ukijaa unaisukuma chemchemi, ule uzuri wote unafunikwa. Piga simu hifadhini asubuhi ya safari. Chukua cheti chako, na usiende peke yako.

Jambo la mapango nataka ulisikie kwa masikio yote mawili. Chemchemi nyingi za upande ule zina midomo ya mapango, na cheti chako na changu si vya mapango. Baharini ukipata shida juu yako kuna jua. Pangoni juu yako kuna jiwe, na tope likipanda huoni hata mlango ulioingilia. Kwenye midomo ya mengi yao kuna kibao chenye picha ya mauti, kinasema humo ndani hamna kitu kinachostahili mtu akifie. Sheck Exley, mwalimu wa hesabu wa pale Live Oak, si mbali na Troy, alichambua vifo vya wazamiaji wa mapango, na kutokana na kazi hiyo watu wakapata kanuni wanazofundishwa mpaka leo: kamba isiyokatika mpaka nje, theluthi ya hewa ya kuingia, theluthi ya kutoka, theluthi ya akiba. Naye mwenyewe, bingwa wa mabingwa, alifia kwenye shimo la Zacatón, Meksiko, mwaka 1994. Basi wewe na mimi tuna nini cha kuwaonesha watu? Ndugu zangu, maji hayaangalii ukoo. Hayajui babu yako alichonga jahazi wala mama yako alivua pweza. Mwenzako akikuambia jambo, muda huo yeye ndiye mwalimu wako, hata kama ulimfundisha wewe kuvaa miwani. Msikilize. Mpe nafasi ya kukukataza. Nimewaona vijana wetu hapa wakipiga picha za mitungi na kuziweka mitandaoni, kumbe mwenza wake hamjui hata jina. Acheni hayo.

Jumamosi nilimpa swahiba mshipi wangu kabla sijaufunga. Aliuinua kwa mkono mmoja kama siku ile. Akatoa chubwi mbili za kilo mbilimbili, akaziweka kando, akaniangalia. Nikaitikia kwa kichwa.

Tulikaa chini dakika 38, hatukupita mita 18 kwa kuwa hapo ndipo vyeti vyetu vinapoishia. Nilibaki kimo cha mkono mmoja juu ya sakafu bila kugusa kitu, na nilipogeuka nyuma maji yalikuwa kioo kilekile tulichokikuta. Tuliposimama mita 5 kwa dakika tatu za mwisho, fulana yangu haikuwa na hewa hata kidogo, na sikupanda wala kushuka.

Halafu akanipeleka kwenye mkondo wa kutokea mtoni, mahali ambapo mara ya kwanza hatukufika. Pale pamelala meli ya mvuke iitwayo Madison. Mwenye meli aliizamisha kwa makusudi mwaka 1863, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, isiangukie mikononi mwa jeshi la Kaskazini. Maji ni ya kina kifupi, jua linafika mpaka chini. Niliona mkuku, ule uti wa mgongo wa meli, na mataruma, mbavu zake, yamejipanga pande zote mbili kama nilivyokuwa nayaona utotoni Nungwi kabla jahazi halijapigwa mbao. Sikuyagusa. Nililala juu yake mwili wote ukiwa umenyooka, nikayahesabu moja moja kama babu alivyonifundisha, mpaka swahiba akanigusa bega kunionesha geji yake.

Kurudi Atlanta aliendesha yeye. Zile chubwi mbili tulizisahau ndani ya buti la gari, na kila kona zilikuwa zinagongana. Hakuna aliyesimamisha gari kwenda kuzifunga. Karibu na Macon akaniuliza maji ya Mnemba yana nyuzi ngapi mwezi wa Februari, na yeye aongeze chubwi kilo ngapi.