Uso Niliokuwa Nikiutafuta Ukumbini

Nilikuwa na tabia mbaya: kabla sijagusa uzi, nawapitia watu kwa macho mpaka nimpate mzee mmoja aliyenuna. Nikishampata, kwisha. Nyatiti, ala ya Waluo ninayoipiga, ina nyuzi nane, na zote nane zinaanza kuteleza. Hata pete ya chuma iliyo kwenye kidole cha mguu, ile inayogonga ala kuweka mdundo, inakimbia yenyewe.

Nimepiga Kisumu miaka kumi na moja. Harusini natetemeka, hotelini Dunga natetemeka. Matangani tu ndiko nilikokuwa salama, kwa sababu huko kila mtu amenuna tayari na si kwa ajili yangu.

Mwenzangu mpiga gitaa alinipa propranololi, dawa ya presha. Mikono ilitulia kweli, maana dawa hiyo huzuia adrenalini isiukimbize moyo. Woga wenyewe ulibaki kifuani, umekaa kimya. Na tafadhali, usiipokee kwa rafiki kama nilivyofanya mimi: mwenye pumu inaweza kumbana pumzi vibaya. Muulize daktari.

Baadaye nikaenda kwa mshauri wa saikolojia, mama wa makamo, kila Jumanne dakika hamsini. Nilitarajia mazoezi ya kupumua. Yeye akaniuliza: utotoni ukikosea, nani alikuwa anakutazama? Baba alifanya kazi Mombasa, akija nyumbani Desemba. Jioni ya kwanza naambiwa nipige. Anasikiliza bila neno, kisha anatoka nje.

Daktari Mwingereza John Bowlby alifundisha kwamba mtoto hujifunza mapema kama atapokelewa akiogopa, na somo hilo analibeba hadi ukubwani. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliyachunguza hayo kwa akina mama na watoto wao hapa jirani, Uganda, akachapisha kitabu chake mwaka 1967. Dianna Kenny, mwanasaikolojia wa Sydney, aliyetunga dodoso la woga wa wanamuziki, aliweka humo hata maswali kuhusu wazazi. Nilipoyaona nilihisi nimevuliwa shati.

Lakini kilichonifungua hakikuwa maelezo. Desemba mshauri alikwenda likizo wiki tatu. Januari nikamtumia ujumbe kwamba nina kazi, siji. Sikuwa na kazi yoyote. Wiki iliyofuata nilipokwenda hakunikaripia. Aliuliza tu, "Ulidhani nitarudi nimekusahau?" Nikaanza kucheka, kicheko kikakwama kooni. Nilikuwa nimemnunia mama wa watu kwa sababu ya Desemba za baba.

Kwa hiyo ukitafuta mshauri wa namna hii, muulize waziwazi kama mtazungumza pia juu ya yanayotokea baina yenu wawili. Ukimkasirikia, mwambie, usikimbie kama mimi. Ada ikikushinda, omba mpatane, wengine hukubali. Usitegemee wiki sita. Mimi nilichukua mwaka na miezi. Wala usiende kumshtaki mzee wako nyumbani. Nilijaribu. Aliniuliza kama nimekula.

Mwezi uliopita nilipiga tena Dunga. Mzee aliyenuna alikuwepo, meza ya pili. Wimbo wa kwanza wote mikono ilitetemeka. Katika wa pili nikamtazama vizuri, nikaona anahangaika na mwiba wa samaki aina ya ngege.