Lugha mbili kabla ya chekechea: tunavyolea hapa Moshi

Wazazi wenzangu huniuliza swali lilelile kila wanapomsikia binti yangu akimjibu bibi yake kwa Kichagga, kisha akinigeukia na kuniomba maji kwa Kiswahili. Hatachanganyikiwa? Wengine huongeza: na Kiingereza je, kitaingia lini? Mtoto ana miaka minne sasa, na haya ndiyo majibu yangu kwa urefu, maana tukikutana mlangoni mwa kanisa hayamaliziki.

Kwetu iko hivi. Mimi ni wa Uru, mume wangu ni Mrangi wa Kondoa, tunaishi mjini. Lugha yetu ya nyumbani ni Kiswahili. Ndiyo tuliyochumbiana nayo na ndiyo tunayogombana nayo. Mama yangu yuko Uru, si mbali kwa gari, na akiwa na mjukuu wake ni Kichagga tu. Kirangi mtoto hukisikia kwenye simu na siku za sherehe. Hana mtu wa kuzungumza naye kila siku kwa lugha hiyo, kwa hiyo hatudai kwamba anajifunza. Jambo hilo linamuuma baba yake, na ninamwelewa.

Nianze na hofu ya kuchanganyikiwa, kwa sababu hiyo ndiyo inayowafanya wengi wawaambie bibi zao waache Kichagga. Ni kweli mtoto wa lugha mbili huchanganya maneno. Sentensi inaanzia Kiswahili inaishia Kichagga. Watu wazima tunafanya hivyohivyo sokoni Mbuyuni kuanzia asubuhi hadi jioni. Wataalamu wanaochunguza lugha za watoto wamelifuatilia jambo hili kwa miongo mingi, na msimamo wao ni kwamba kuchanganya ni hatua ya kawaida ya ukuaji na kwamba lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kusema. Kinachotokea ni hiki: ukihesabu maneno anayoyajua katika lugha moja tu, yanaweza kuwa machache kuliko ya mtoto wa jirani mwenye lugha moja. Ukijumlisha ya lugha zote mbili, pengo linafutika. Kwa hiyo anayetaka kulinganisha ahesabu pande zote.

Kuna sababu ya kuanza mapema. Kichagga kina toni: sauti ikipanda au ikishuka, maana inaweza kubadilika. Kiswahili hakina hilo. Mtoto mchanga ana uwezo wa kutofautisha sauti za lugha nyingi sana, lakini anapokaribia kutimiza mwaka mmoja sikio lake huanza kushika zile anazozisikia kila siku na kulegea kwa zile asizozisikia. Mama yangu alianza kuongea na mtoto tangu nikiwa uzazini, mimi nikinywa mtori na yeye akimwogesha, akimweleza kila kiungo anachokipaka mafuta. Aliyechelewa bado anaweza; watoto wa miaka mitano au sita hujifunza vizuri sana wakipata wa kuongea naye. Ila mwenye mtoto mchanga asingoje aanze kusema kwanza.

Sasa niseme ninachokiamini kuliko yote. Lugha humwingia mtoto kupitia mtu anayezungumza naye. Kitabu, katuni, chati ya ukutani na hata shule vina thamani kwa kadiri vinavyomfanya mtu aongee na mtoto, na mtoto naye ajibu. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani walichapisha utafiti ambao ningependa kila mzazi mwenye simu aujue. Walichukua watoto wa miezi tisa kutoka familia za Kiingereza. Kundi moja lilisomewa vitabu na kuchezeshwa ana kwa ana na watu waliozungumza Kichina cha Mandarini. Kundi jingine liliwaona watu haohao kwenye televisheni, wakisema mambo ya aina hiyohiyo. Walioketi na watu walizitambua sauti za Kichina vizuri. Wa televisheni hawakuwa na tofauti na watoto ambao hawakuwahi kusikia Kichina kabisa.

Nikiona mtoto wa mwaka mmoja ameachiwa simu ya katuni za Kiingereza ili "azoee lugha", roho inaniuma, kwa sababu mzazi amemaliza bando akiamini anamfundisha. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa chini ya miaka miwili asiangalie skrini, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Sisi tunaangalia pamoja naye. Tunapenda kipindi cha Akili and Me cha Ubongo, shirika la Dar es Salaam, kilicholengwa kwa watoto wa miaka 3 hadi 6 na kinachopatikana kwa Kiswahili. Akili mwenyewe ni mtoto anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, na binti yangu hilo halimpiti: akiuona mlima asubuhi anamtaja. Kipindi kikiisha tunazima na kuyazungumza tuliyoyaona. Hapo ndipo maneno yanapobaki.

Kama lugha huja na mtu, basi jiulize mtoto wako anashinda na nani. Katika nyumba nyingi za hapa mjini jibu ni dada wa kazi. Yeye ndiye anayekuwa naye kuanzia sisi tunapotoka hadi tunaporudi, na ndiye anayempa mtoto maneno mengi kuliko baba na mama. Lakini katika mazungumzo ya malezi hatajwi, au anatajwa kama tatizo: Kiswahili chake si sanifu, lafudhi yake ya kwao. Nimewahi kusikia mama akimwagiza dada aongee na mtoto Kiingereza, Kiingereza ambacho dada huyo alikiacha kidato cha pili. Matokeo yake dada ananyamaza. Anabaki na "come", "sit", "eat", na mtoto anashinda kutwa bila mazungumzo.

Dada wetu anatoka Lushoto na Kiswahili chake ni kitamu. Tulikaa naye, tukamweleza kwamba kuongea na mtoto ni sehemu ya kazi yake na kwamba tunaithamini kama tunavyothamini kupika. Akimenya ndizi, amweleze. Akichambua mchele, wachambue wote na wahesabu mawe. Amsimulie hadithi za kwao, za sungura na fisi, kwa Kiswahili chake mwenyewe. Tulimpunguzia kazi nyingine kidogo ili apate nafasi, maana huwezi kumlundikia mtu nguo za nyumba nzima ukategemea asimulie hadithi. Kipimo tunachotumia kwa kila mtu anayemzunguka mtoto ni hicho: aongee lugha anayoimudu hadi kutania, kubembeleza na kugombeza. Bibi ni Kichagga. Sisi na dada ni Kiswahili. Hatuna ratiba ya siku wala adhabu kwa anayevuka mpaka.

Vitabu vya Kiswahili vipo zaidi ya watu wanavyodhani. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza mwaka 1991 kwa ajili hiyohiyo, na wachapishaji kama Mkuki na Nyota na E&D Vision wanatoa hadithi za watoto. Hapa mjini kuna maktaba ya mkoa, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Nenda na mtoto mwenyewe ukaulizie vitabu vya umri wake. Mwenye simu ana mengi zaidi bila malipo: tovuti ya African Storybook ya Afrika Kusini na ile ya StoryWeaver ya India zina hadithi fupi za picha kwa Kiswahili, na unaruhusiwa kuzichapa. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada kuanzia elimu ya awali, ingawa hivyo mimi naviacha kwa mwalimu.

Ninapochagua, naangalia vitu vichache. Sentensi moja au mbili kwa ukurasa. Maneno yanayojirudia, ili mtoto aanze kuyamalizia mwenyewe kabla sijayasoma. Picha za vitu anavyovijua: kuku, migomba, bodaboda, mama anayesuka nywele. Na nasoma kurasa mbili kwa sauti kabla ya kununua, kwa sababu vipo vitabu vilivyotafsiriwa ovyo ambavyo ulimi unakwama kila mstari. Kiswahili kisichotamkika usimpe mtoto. Vile vinavyotoa sauti ukibonyeza siachi hela yangu, betri hufa na mtoto anabonyeza tu bila kusikiliza.

Herufi zisikutie haraka. Kiswahili kina irabu tano, na herufi zake hutamkwa vilevile karibu kila mahali, kwa hiyo mtoto akishika ma, me, mi, mo, mu na wenzake, anafungua maneno mengi kwa mkupuo. Ujuzi huo wa kujua kwamba alama inabeba sauti hauhitaji kufundishwa upya akifika kwenye Kiingereza.

Kichagga ndicho kilichotupa kazi. Vitabu vya kanisani nilivikuta, vya watoto sikupata. Na hata ukikipata, kitakuwa cha wapi? Kichagga cha Uru, cha Machame na cha Rombo vimeachana kiasi kwamba Mmachame na Mrombo wakikutana huhamia Kiswahili. Kwa hiyo tulitengeneza vya kwetu. Nilipiga picha kwa simu kihambani kwa mama, yaani kwenye shamba la nyumbani: mbuzi, mfereji, jiko, kahawa iliyoanikwa, yeye mwenyewe ameshika mundu. Nikazichapa studio, nikazibandika kwenye daftari gumu, na mama akaniambia cha kuandika chini ya kila picha. Daftari hilo limeshachakaa kwa kufunuliwa. Pia nilimrekodi akisimulia hadithi na akiimba, nikahifadhi kwenye simu na kwenye flashi. Sauti hizo hatumwachii mtoto asikilize peke yake. Tunasikiliza naye, na wikiendi anamwimbia bibi. Kama bibi wa mtoto wako yuko mbali, video ya simu inasaidia, kwa sababu bibi anajibu. Na msingoje Desemba, sisi sote tunapopanda kwenda nyumbani kijijini, ndipo mtoto akutane na lugha hiyo mara moja kwa mwaka na binamu wamcheke.

Shule ya awali. Tulizunguka kadhaa, na nyingi zilitangaza Kiingereza kabla ya kutangaza choo. Mimi siogopi Kiingereza. Sekondari zetu zinafundisha kwa lugha hiyo na mtoto atakihitaji. Ninachouliza ni mwalimu anaongea vipi na watoto: anawauliza maswali na kungoja jibu, au wanaitikia kwa pamoja kutwa nzima? Mtoto akijikwaa akalia kwa Kiswahili, anajibiwaje? Shule moja ilituonyesha kwa fahari kibao anachovalishwa shingoni mtoto aliyesema Kiswahili. Tuliondoka. Mtoto wa miaka minne aliyefundishwa kuona aibu juu ya lugha ya mama yake hujifunza kwanza kunyamaza. Tuliyoichagua inafundisha kwa Kiswahili na ina kipindi cha Kiingereza cha nyimbo na michezo.

Kuna jambo moja ambalo lugha mbili zisitumiwe kulifunika. Mtoto asipogeuka akiitwa jina anapokaribia mwaka mmoja, asipokuwa na neno lolote akifika miezi 18, au asipounganisha maneno mawili akifika miaka miwili, ukihesabu lugha zote anazozisikia, mpeleke apimwe masikio. Hata maambukizi ya masikio yanayojirudia yanaweza kupunguza usikivu bila mzazi kugundua. Anza na kliniki ya mtoto, uwaeleze bayana unachokiona. Hospitali ya KCMC hapa Moshi ina idara ya masikio, pua na koo. Na mtu yeyote akikuambia dawa yake ni kuacha lugha moja, uliza kwanza kipimo kimesema nini.