Swali la wiki: Bingwa wa tenisi akistaafu, hufaa kuwa kocha?

Mhariri, jibu langu ni ndiyo, ila kwa sharti: awe aliwahi kukwama palepale anapokwama mchezaji wake, na anakumbuka alivyojinasua. Mataji peke yake hayafundishi mtu.

Ivan Lendl alishinda mataji 8 ya Grand Slam, yaani mashindano 4 makubwa kuliko yote ya tenisi, lakini fainali zake 4 za kwanza alipoteza zote. Ya tano, Paris 1984, alikuwa nyuma kwa seti 2 bila mbele ya John McEnroe, akapindua. Tena mtu huyu alijengewa nyumbani kwake Connecticut uwanja wenye sakafu kama ya US Open, mashindano ambayo alifika fainali miaka 8 mfululizo, 1982 hadi 1989.

Mchezaji Andy Murray alimwajiri Lendl kuwa kocha wake mwisho wa 2011, akiwa amepoteza fainali 3 za Grand Slam. Ya 4 ikamponyoka Wimbledon 2012 mbele ya Roger Federer. Wiki 4 baadaye, uwanja uleule, akamlaza Federer 6-2, 6-1, 6-4 na kuchukua dhahabu ya Olimpiki. Septemba akatwaa US Open.

Kasoro ya Murray ilikuwa kungoja. Alikuwa na mbio, akasimama nyuma ya mstari wa mwisho akirudisha kila mpira hadi mwenzake akosee. Kwa Federer au Djokovic hilo halilipi: hawakosei vya kutosha, na anayerudisha ndiye anayekimbia zaidi. Lendl alimtaka aushambulie mpira mapema kwa mkono wa mbele, apige kwa nguvu, hata sambamba na mstari wa pembeni ambako nafasi ya kukosea ni ndogo. Enzi hizo kocha hakuruhusiwa kutoa maelekezo mechi ya Grand Slam ikiendelea, kwa hiyo hayo yote yalipaswa kuzoeleka mazoezini.

Kazi ya kila siku, hata hivyo, ilikuwa ya Dani Vallverdu, na 2016 ya Jamie Delgado. Wanaoajiri bingwa wasisahau hilo. Tenisi ni safari karibu mwaka mzima, na mstaafu hataki tena kuishi hotelini. Murray na Lendl waliachana Machi 2014, wakarudiana Juni 2016, na Murray akabeba Wimbledon tena.

Kwa mchezaji mwingine, Alexander Zverev, aliyemchukua Lendl Agosti 2018, mambo hayakudumu mwaka mzima. Zverev hakuwa amefika fainali yoyote ya Grand Slam ili afundishwe kuishinda. Tatizo lake lilikuwa servi ya pili, ile ya kuanzisha mchezo baada ya ya kwanza kukosewa, na 2019 ilizidi kumharibikia.