Nilivyopotea Kenya bila pasipoti

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Uvira aliniandikia: "Kaka, nakuja L'shi (ndivyo tunavyofupisha Lubumbashi, mji wa Congo) kufanya mtihani wa kazi ya mgodi. Nitatembeaje mjini bila teksi kunimaliza hela?" Nilicheka, kisha moyo ukaniuma kidogo, maana mwaka 2019, nilipokuja kwa mtihani kama huo, swali hilo sikumwuliza mtu. Nilijiona mtu wa mjini. Nimekulia Bukavu, nimebanwa na wenzangu wanne kwenye kiti cha nyuma cha teksi tangu enzi za sare ya shule. Lubumbashi ingenishinda nini?

Nilifikia Katuba kwa baba mdogo. Usiku akaanza kunieleza njia, nikamkatisha: "Baba, nitafika tu." Mtihani ulikuwa saa tatu, upande mwingine kabisa wa mji. Asubuhi nikafunga tai, nikasimama kando ya barabara. Makondakta wa taksi-basi hapa hawasemi, wanaimba: jina la mtaa mara nne kwa pumzi moja. Nikasikia "ville, ville, ville", yaani katikati ya mji, nikarukia. Kiti cha watatu tulikaa wanne, goti la mtu mgongoni mwangu, simu ikining'inia mfukoni (kosa, ila siku hiyo Mungu alinisitiri).

Kwenye soko la Kenya gari likasimama. Kwa msiopajua, Kenya ni komine, yaani wilaya, ya Lubumbashi, jirani na Katuba na Kamalondo, na simba haina. "Hapa njo mwisho, papa," kondakta akasema. Mwisho gani? Mimi nimelipia mpaka ville! Wenzangu walikuwa wameshashuka zamani, wanakimbilia gari jingine. Baadaye ndipo nilipojua kwamba mchezo huo una jina, demi-terrain: dereva anaikata njia vipande ili ulipe mara mbili, hasa saa ambazo watu ni wengi na magari ni machache. Mimi nikabaki kubishana, kwa Kiswahili changu cha Bukavu, watu wakicheka. "Weye uko mugeni?" mmoja akauliza. Nikasema hapana. Tai shingoni, jasho hadi kwenye soksi, nasema hapana!

Na hayo hayakuwa mabaya zaidi. Nilikuwa nimetoa noti kubwa. Kondakta hakuwa na chenji, akaweka yangu na ya mama mmoja katika noti moja, akasema "mugawane", gari likageuka na kwenda. Tukabaki mimi na yule mama na noti yetu ya pamoja, kama watu waliorithi shamba. "Kuya, baba, tuvunje makuta," akaniambia. Meza ya kwanza hawana, ya pili hawana. Mwishowe akanunua fungu la kapenta (dagaa) ambalo nadhani hakulihitaji, ndipo tukagawana. Kisha akanishika mkono wa koti hadi kwenye gari sahihi na kumwagiza kondakta mahali pa kunishusha. Sikumwuliza hata jina.

Niliposhuka nusura pikipiki inichukue. Magari mengi haya yalitengenezwa kwa nchi zinazoendesha kushoto, usukani kulia. Sisi tunaendesha kulia, kwa hiyo mlango unafungukia katikati ya barabara. Hata usukani ukihamishwa, mlango unabaki ulikozaliwa.

Nilifika nimechelewa dakika arobaini. Mlinzi alitazama saa yake, akatazama viatu vyangu, akasema nijaribu mwaka ujao.

Jioni baba mdogo akapiga simu Bukavu: "Mtoto alipotea Kenya." Mama yangu, ambaye Kenya anayoijua ni ile ya Nairobi, akaanza kulia na kuita wanamaombi. Mpaka leo, kila harusi ya ukoo, hadithi hiyo inaletwa kabla ya bia. Mimi pia nacheka, jino pembe. Kazi niliipata baadaye kwingine, lakini hiyo hawaisimulii.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Uvira, vunja noti kabla hujatoka nyumbani. Kabla ya kupanda, uliza kama gari linafika mpaka mwisho, na usimwulize kondakta, maana kwake kila gari linafika. Muulize mama mwenye mzigo. Tazama nyuma kabla ya kushuka. Jioni ondoka mapema, la sivyo utapigania mlango na wanaume wenye viwiko. Na sema kwamba wewe ni mgeni! Sisi tunaotafuta mgodi tunataka tuonekane wenyeji siku ya kwanza, tunafunga tai na kufunga mdomo. Nani alikwambia mgeni akiuliza anapungua kilo? Na noti, nimesema, vunja.

Juzi baba mdogo, ambaye tangu anunue gari amesahau hata harufu ya taksi-basi, alinipigia simu. Gari limemfia Kasapa, anatakiwa Ruashi kabla ya saa kumi, apande wapi? Nikampa njia nzima, pa kubadilishia gari na upande wa kushukia. Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, wewe sasa ni wa huku."

Ya Kenya sikuyataja. Nilimwuliza tu kama ana noti ndogo. Alikuwa na moja, ya faranga 20,000.